Pindo la Mama Safari

Mwanzoni jina lile lilikuwa la heshima. Mchungaji alipotangaza kanisani kwamba fundi pampu na mkewe, fundi cherehani, wamekubali kwenda na binti yao nchi ya mbali kumtumikia Mungu, watu walisimama wakapiga makofi, na tangu siku ile mwanamke yule akawa Mama Safari. Hiyo ni miaka minne nyuma. Siku hizi ukisikia mtu anamwita Mama Safari pale sokoni, tega sikio vizuri, utasikia kicheko kimejificha nyuma ya jina. Maana safari yenyewe iko wapi? Mtu ameaga mpaka wanaoagwa wamechoka.

Na wala si kwamba walikuwa wamekaa tu. Mara ya kwanza viza zilikataliwa, bila hata kuambiwa kwa nini. Mara ya pili mumewe aliteleza juu ya tangi la maji la watu akavunjika mguu, na wewe niambie, nani anampeleka mtu wa magongo akashuke visimani. Mara ya tatu barabara ya kwenda kule ilifungwa, wakaambiwa wasubiri hali itulie. Kila mara Mama Safari alilia kidogo, akapiga moyo konde, akafungua lile sanduku la mbao lililokuwa sebuleni likifanya kazi ya meza, akatoa gauni la binti yake na kulishusha pindo.

Gauni lilikuwa la bluu, kola nyeupe, alilolishona mwaka ule wa makofi ili binti alivae siku ya kufika. Kwa kuwa ni fundi na anajua watoto hawangoji mtu, aliacha pindo pana na nafasi ya kutosha ubavuni. Safari ikiahirishwa, analegeza. Kila alipokunjua, kitambaa kilichokuwa kimejificha kilitokea kikiwa kimekoza kuliko kingine, na alama ya kunjo la zamani ikabaki pale pale, hata ukiipiga pasi namna gani. Binti sasa alikuwa na miaka tisa, na pindo lilikuwa limekwisha kabisa.

Chini ya gauni hilo, ndani ya sanduku, ililala cherehani ya mkono. Kanisa lilikuwa limeinunua kwa ajili ya kazi ya kule, kwani fundi pampu angetengeneza visima na mkewe angewafundisha wanawake kushona. Nyumbani alikuwa na cherehani yake ya miguu, lakini hii ya mkono ndiyo aliyoipenda. Aliitia mafuta kila mwezi na kuizungusha mkono kidogo, asikie tu mlio wake.

Mara ya nne kila kitu kilikubali. Viza zilitoka, mguu ulipona, barabara ilifunguka. Ikabaki kupima afya tu, jambo la asubuhi moja. Daktari akaitazama picha ya kifua ya binti, akaitazama tena, akavua miwani. Kuna doa kwenye pafu, alisema, dawa yake ipo na mtoto atapona, lakini ni miezi sita ya vidonge, na mpaka avimalize hakuna kusafiri.

Mchungaji alikuja nyumbani alasiri ya siku ya pili. Hakuja peke yake. Nyuma yake aliingia wifi yake Mama Safari, mdogo wa mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Kicheko kwa sababu hata msibani ilibidi akae karibu na mlango. Nyuma ya Kicheko akaingia mumewe, yule shemeji aliyefundishwa kazi ya pampu na mume wa Mama Safari mwenyewe, akianzia kushika spana. Mama Safari alipowaona wote watatu wamekaa wamebana magoti, na Kicheko hacheki, akajua.

"Wenzetu wa kule hawawezi kungoja miezi sita," mchungaji alisema. "Pampu imesimama. Wanawake wanafuata maji mbali mno. Kamati imekaa, na tumeona..."

"Mmeona vizuri," fundi pampu alisema, kabla sentensi haijaisha. "Shemeji anaijua kazi. Mimi mwenyewe ningemtaja yeye."

Watu wote wakamgeukia Mama Safari. Yeye akasema Bwana asifiwe, akainuka kwenda kuchemsha chai. Jikoni alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Miaka minne amejifunza salamu za watu wale, nyimbo zao, hata jinsi wanavyofunga watoto mgongoni, na Kicheko je? Kicheko alikuwa hajui hata nchi yenyewe iko upande gani. Kicheko, ambaye ibada ya saa tatu anafika saa nne kasoro akiwa amevaa viatu viwili visivyo vya jozi moja. Mungu alikuwa na dunia nzima ya kuchagua watu, akamwona huyo.

Ukweli usemwe, alimwonea gere. Alimwonea gere mpaka chai ikafurika.

Yaliyofuata yalimzidishia kijiba cha roho. Viza za Kicheko zilitoka haraka kama mtu anayeagiza soda. Vifua vyao wote vilikuwa safi. Mama Safari alizipokea habari hizo moja moja, akitabasamu hadi mashavu yakamuuma, na kila jioni alipompa binti vidonge vyake alimkumbatia zaidi ya kawaida, kwani kuna siku alijikuta akimtazama mwanawe akikohoa na kuwaza, ungengoja kidogo tu kuugua, mwanangu. Halafu akajichukia.

Mumewe hakuonekana kuumia, na hilo nalo lilimkera. Siku moja alimpelekea chakula kwenye karakana akamkuta akisafisha pampu huku anapiga mluzi.

"Wewe huoni chochote?" alimuuliza. "Miaka minne, kisha anakwenda mwanafunzi wako."

Fundi alifuta mikono kwa tambara. "Naona. Nimeumia vilevile. Lakini nikishuka kisimani, mke wangu, anakuwepo mtu juu ameshika kamba. Sasa mimi nikiwa kule chini gizani, kila baada ya dakika nimwite, umeshika? umeshika kweli? Nitafanya kazi saa ngapi?"

"Huyo wa juu unamjua. Umemwona kabla hujashuka."

"Na Mungu je, hatumjui?"

Mama Safari alifunua chakula akamwambia ale kabla hakijapoa.

Basi Kicheko akaanza kuja kila siku kufundishwa kushona, maana kazi ya kule ilitaka mwalimu wa kushona na kamati ilisema atajifunza kabla ya kuondoka. Jamani, yule mwanamke alikuwa hana mkono wa sindano hata kidogo. Siku ya kwanza alishona mkono wa shati akauziba kabisa, akauinua mbele ya macho akijaribu kupenyeza ngumi.

"Wifi, huyu atavaa vipi?"

"Atavaa ukilifumua," Mama Safari alisema.

"Basi nitawafundisha kufumua. Si kazi hiyo nayo?" Akacheka mpaka akaegemea ukuta, na hata binti, kwenye kochi na vidonge vyake, akacheka. Mama Safari naye alitaka kucheka. Mdomo ulifika katikati ukagoma.

Hata hivyo alimfundisha, tena vizuri, kwani ufundi hauchezewi. Kufikia wiki ya mwisho Kicheko aliweza mshono ulionyooka, angalau ukiutazama kwa mbali.

Lililomvunja lilikuja siku ya kufunga mizigo. Kicheko alikuja kufunga sanduku la cherehani ya kanisa, ambayo sasa ingekwenda naye, akiwa na binti yake mdogo wa miaka mitano, na wakati mama hao wawili wanapekua sanduku, yule mtoto akalitoa gauni la bluu.

"Hili zuri," mtoto alisema.

"Wifi, hili si halimtoshi tena dada yake?" Kicheko aliuliza, na hakukuwa na ubaya wowote katika sauti yake, ndiyo taabu yenyewe. "Huyu wangu hana nguo ya maana ya kufikia. Unaweza kumpunguzia?"

Ni nani anayeweza kusema hapana kwa jambo kama hilo? Mama Safari alichukua pini. Akapiga magoti mbele ya mtoto, akakunja kitambaa, alama ya tatu, akaona bado refu. Akakunja ya pili. Akakunja ya kwanza kabisa, ile ya mwaka wa makofi, akabana na ubavu, na gauni likakaa. Likamkaa yule mtoto begani, ubavuni, gotini, utadhani alikuja akapimwa. Mtoto akazunguka. Kicheko akapiga makofi akasema kumbe ulikuwa unamshonea huyu siku zote na wewe hujui.

Alikuwa anatania tu. Lakini Mama Safari alihisi kama amepigwa kibao. Miaka minne ya kungoja, kuomba, kukunjua, kumbe alikuwa fundi wa watu wengine? Alilichukua gauni akalishona pindo palepale, na sindano ikamchoma mara mbili.

Kicheko alipotoka kumsindikiza mtoto chooni, Mama Safari aliinama juu ya cherehani ya mkono ili aifunge kwa blanketi. Chini ya sindano, nyuma ya kifuniko kidogo, kuna kikasha cha chuma kinachobeba uzi wa chini. Kinaenea kwenye kiganja cha mtoto. Bila hicho, mashine utaizungusha mpaka mkono udondoke na haitashika mshono hata mmoja, na kule wanakokwenda hakuna duka la kukinunua. Alikichomoa akakitia mfukoni. Halafu akaifunga mashine vizuri sana, akaifunika, akafunga na sanduku.

Hakujiuliza anafanya nini. Alijiuliza baadaye, akamwambia Mungu kwa ukali ambao hakujua anao: si umempa kila kitu, mpe na hiki basi.

Siku mbili Mama Safari alitembea na kile chuma. Alikihamisha kutoka gauni hadi gauni. Mara alijiambia atakirudisha kesho, mara alijiambia ni chake kwa haki, mara alijifanya hamnazo, akakata nguo za wateja na kuimba. Sanduku likachukuliwa kupelekwa kwa Kicheko likafungwe na mizigo mingine. Katikati ya sebule pakabaki pembe nne za sakafu safi ambayo haikuona jua kwa miaka, na vikombe vikakosa pa kuwekwa.

Sasa, kanisa lile lilianzishwa na wachimba visima, na lilikuwa na desturi yake. Familia ikitumwa mbali, mchungaji siye anayewaombea mwishoni. Wanaoondoka wanachagua mtu mmoja anayebaki, naye huitwa mshika kamba. Huyo anasimama mbele, anawawekea mikono, na tangu hapo kazi yake ni kuwashikilia kwa maombi mpaka warudi. Wengi huchagua mzazi. Jumapili ile Kicheko alisimama mbele ya watu, kwa mara ya kwanza viatu vyote viwili vikiwa vya jozi moja, akasema, "Mshika kamba wetu ni wifi yangu."

Mama Safari alikuwa safu ya tatu. Mumewe akamgusa kiwiko. Alikwenda mbele akiwa na kikasha mfukoni, na kila hatua kilimgonga pajani. Familia ikapiga magoti. Yule mtoto alikuwa amevaa gauni la bluu. Akainua uso akamtabasamia.

Aliweka mkono wa kushoto juu ya kichwa cha Kicheko. Wa kulia haukutoka mfukoni. Kanisa likamngoja, naye akafungua mdomo, na yale maneno mazuri yote aliyokuwa anayajua, baba tunakushukuru, baba tunawakabidhi, hayakuja. Mwanakwaya mmoja akasema amina kwa kumsaidia. Wengine wakaona machozi wakadhani ni upako, wakaanza kuguna kwa furaha.

"Bwana," alisema hatimaye. "Nina wivu."

Miguno ikakatika.

"Nina wivu na watu hawa. Walipaswa kuwa sisi. Nimeomba, nimefunga, nimejifunza, halafu umempa huyu ambaye hajui hata kutunga uzi. Nimekukasirikia. Bado nimekukasirikia kidogo. Nimemwibia, Bwana. Nimeiba kitu ambacho angekitafuta kule asikipate, na nilitaka asikipate, ajue kwamba ilikuwa kazi yangu."

Akatoa mkono mfukoni. Kichuma kilikuwa kimelowa jasho. Akamtilia Kicheko kiganjani, mbele ya kanisa zima, mbele ya mumewe, mbele ya binti yake aliyekuwa amesimama juu ya benchi ili aone.

Kicheko alikitazama. Kisha akafunga vidole, na badala ya kuinuka, akamvuta wifi yake chini mpaka wakawa wamepiga magoti wote.

"Nilijua," alimnong'oneza sikioni. "Juzi nilitaka kuijaribu mashine, ikanigomea. Nikafungua pale chini uliponionyesha, nikakuta patupu."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekana. Na ukishakana, ungekirudishaje?"

Mama Safari alifuta uso kwa kiganja.

"Nikamwambia mume wangu, namchagua wifi, atakuja nacho. Akasema asipokuja nacho? Nikamwambia basi nitafundisha kufumua." Hapo akashindwa kujizuia. Akacheka, kanisani, katikati ya maombi, huku machozi yanamtoka na pua inamtiririka, na Mama Safari akacheka naye, kwa mara ya kwanza tangu ile chai ifurike. Watu hawakuelewa wafanye nini, kwaya ikaona bora iimbe.

Ndipo akaomba. Aliomba kwa kifupi, kwa sauti iliyokauka. Aliomba pampu itengenezeke, mtoto asilie njiani, mishono inyooke. Alipofika mahali pa kusema mapenzi yako yatimizwe alisimama kidogo, kisha akayasema.

Msije mkadhani wivu uliondoka hapo. Gari lilipokuja kuwachukua kesho yake, na lile sanduku lake likapandishwa nyuma, Mama Safari aliuhisi ukiwa pale pale kifuani. Alipunga mkono hivyohivyo. Kicheko akatoa kichwa dirishani akapiga kelele kwamba amesahau chaja ya simu, gari likarudi nyuma, ikatafutwa, ikakutwa mkobani mwake, wakaondoka tena.

Nyumbani, fundi pampu alikuwa ameweka stuli mbili pale penye sakafu safi ili vikombe vipate pa kukaa. Binti alimeza vidonge vyake akanywa maji, akafuta mdomo.

"Mama, na sisi tutaenda lini?"

Siku nyingine angemwambia karibuni, mwanangu. Alikuwa amelisema neno hilo miaka minne.

"Sijui," alisema. "Njoo hapa nikupime gauni."

Alikuwa na kitambaa alichokuwa amekiweka kwa ajili ya mteja ambaye hakurudi kukichukua, cha kijani. Alimpima binti bega, kiuno, urefu. Kisha akakitandaza sakafuni, akachukua chaki, na alipofika chini akashusha mstari, akashusha tena, akashusha hadi ukingo wa kitambaa. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake.

"Pindo lote hilo?" aliuliza. "Si miezi sita tu, alisema daktari?"

"Daktari alisema," Mama Safari alijibu. Akachukua mkasi, akakata. "Nitungie uzi, nataka kulimaliza leo."